Vitz ya mtumba inachemsha kwenye foleni ya feri, njiani iko sawa. Nianzie wapi?

Mlikoni

Asalaam aleikum wadau. Nimenunua Vitz ya mwaka 2012, injini ya 1.3, kwa mtu binafsi hapa hapa Mombasa. Tuliijaribu kutoka Nyali hadi Bamburi tukarudi, AC inapoza, injini imetulia, hakuna taa yoyote kwenye dashibodi. Nikalipa, tukahamisha umiliki, nikaja nayo nyumbani.

Shida imeanzia kwenye foleni ya Likoni. Jioni, na joto hili la kaskazi, nikisimama gari imewaka huku AC inafanya kazi, taa nyekundu ya joto inawaka. Nikizima AC na foleni ikasogea, inazimika. Nikishavuka nikashika njia ya Ukunda, upepo unapiga, haiwaki kabisa. Gari hii haina mshale wa joto. Ina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu joto likizidi, basi. Katikati hapo siwezi kujua kunaendelea nini.

Maji kwenye kichupa cha akiba yanapungua polepole, na rangi yake ni ya udongo. Fundi wa mtaani ameiangalia akaniambia gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imekwenda, tushushe hedi. Mwingine akasema nitoe themostati tu, ile vali inayofungulia maji kwenda rejeta yakipata moto. Hii gari ndiyo inayompeleka mamangu kliniki, sitaki iniache njiani naye, na wala sitaki kufungua injini kwa kubahatisha. Naombeni mwongozo.

KijanaKisauni

Wa aleikum salaam. Toa themostati shehe, utapumzika. Kile ni kifaa cha baridi ya Japani, Mombasa hakina kazi. Yangu nilitoa zamani na inatembea.

FundiMagongo

Wa aleikum salaam ndugu yangu Mlikoni, na pole kwa usumbufu. Usifungue injini, na tafadhali usitoe themostati. Nisikilize kwanza.

Gari inayochemsha huwa inakwambia yenyewe ugonjwa uko wapi, ukiiuliza inachemsha *saa ngapi* na *mahali gani*. Ikiwa imesimama inachemsha lakini ikikimbia inapoa, maana yake maji yanazunguka ila hayapati upepo. Gari ikitembea, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta bila feni kufanya lolote. Ikisimama, upepo wote unategemea feni. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni feni na kila kinachoihusu: fyuzi, rilei, waya, mota, kava yake ya plastiki, na takataka zilizoziba mapezi ya rejeta na ya kondensa ya AC iliyo mbele yake.

Kinyume chake, gari ikiwa shwari mjini lakini inapanda joto kwenye mwendo mkubwa au mlimani, hapo upepo upo na maji ndiyo hayatoshi kuzunguka. Utaangalia rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji, mshipi unaoiendesha, mpira wa chini unaojibana, au themostati inayofunguka nusu. Na ile inayochemka muda mfupi tu baada ya kuwashwa asubuhi, kabla hata hujatoka mtaani, mara nyingi ni themostati iliyokwama imefungwa au hewa iliyonasa ndani.

Gasketi ya hedi ninaiacha mwisho kwa sababu ina vipimo vyake na si ya kukisia kwa macho. Ikifa, gesi ya moto wa silinda huingia kwenye maji. Utaona mapovu yasiyoisha kwenye mdomo wa rejeta, mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, moshi mweupe wenye harufu tamu hauishi, au oili inageuka rangi ya maziwa. Wewe hujaripoti hata moja kati ya hayo.

Sasa themostati. KijanaKisauni, nakuheshimu, ila ushauri huo umeua injini nyingi hapa kwetu. Themostati haipo kwa ajili ya baridi ya nje, ipo ili injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi na kubaki hapo. Nyingi za Toyota zimepigwa chapa ya 82, yaani nyuzi 82, ndipo zinapoanza kufunguka. Bila hiyo kompyuta inadhani injini bado baridi, inaongeza petroli, oili haipati moto wa kutosha kutoa unyevu wake, na ukiipima kwa skana unakuta namba ya hitilafu P0128. Kibaya zaidi, kwenye injini nyingi themostati ina kisahani cha pili ambacho huziba njia ya mkato maji yanapopata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta kabisa. Mtu ametoa kifaa ili gari ipoe, na katika joto kali gari inachemka zaidi.

Mlikoni, nunua au azima kile kifaa kidogo cha OBD cha Bluetooth kinachosoma kompyuta ya gari, kichomeke chini ya usukani, uone joto la maji kwenye simu. Kwa kuwa gari yako haina mshale, hicho ndicho kitakuwa macho yako. Halafu fanya hivi asubuhi injini ikiwa baridi kabisa: fungua kifuniko cha rejeta, tazama maji yako kiwango gani na rangi gani, piga picha. Jaza hadi mdomoni, funga, washa, weka AC, simama mbele ya gari usikilize feni. Niambie inazunguka au la, na joto linafika ngapi.

MzeeWaLori

Vijana wangu, kabla hamjaenda mbali, nimwambie huyu mwanangu jambo la usalama, maana barabara ya Mombasa–Nairobi imenionyesha watu walioungua uso na mikono. Taa nyekundu ikiwaka, zima AC, fungua hita iwe moto kabisa na feni yake ya ndani iwe juu. Utatoka jasho lakini ile hita ni rejeta ndogo ya pili, inavuta joto kutoka kwenye injini. Tafuta pa kusimama palipo salama. Taa isipozimika, zima injini.

Usiguse kile kifuniko. Kinashikilia presha. Vya magari ya Japani vimeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake, hiyo ndiyo presha kinayostahimili. Presha hiyo ndiyo inayozuia maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Siku ukikifungua kikiwa cha moto, presha inatoka ghafla, na maji yote yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke mara moja usoni mwako. Ngoja nusu saa au zaidi, hadi mpira wa juu uweze kuushika bila kuondoa mkono. Na usimwagie injini ya moto maji baridi, hedi ni ya aluminiamu, inapasuka au kupinda.

Mlikoni

Ahsante mzee wangu, ahsante fundi. Nimefanya kama mlivyoniambia.

Maji ndani ya rejeta yalikuwa chini ya mdomo, rangi ya udongo kabisa, na nikipitisha kidole ndani ya shingo ya rejeta kinatoka na matope laini yanayong'aa kidogo, kama yana vumbi la shaba. Nimejaza. Feni inazunguka nikiwasha AC, na inazunguka kwa nguvu, naisikia. Joto kwenye simu: likapanda taratibu hadi 90, 95, 100, feni ikiwa inazunguka muda wote, halikurudi chini. Lilipofika 106 nikazima.

Kwa hiyo feni si tatizo?

FundiMagongo

Subiri kaka. Kuzunguka ni jambo moja, kuvuta upepo ni jambo jingine. Chukua karatasi moja ya daftari. Feni ikiwa inazunguka na gari imesimama, isogeze karatasi mbele ya grili, usiishike sana. Feni nzima inatakiwa *kuinyonya*, ibaki imeganda pale kwenye grili hata ukiiachia. Niambie.

Mlikoni

Fundi, karatasi inasukumwa nje! Nikiiachia inarudi kifuani kwangu. Na upepo unaonijia pale mbele ni wa moto kama mlango wa tanuri.

FundiMagongo

Basi tumempata mmoja. Feni yako inazunguka kinyume. Mota hizi ni za umeme wa betri, ukigeuza waya mbili, inazunguka upande mwingine na hailalamiki. Mtu wa kabla yako alibadilisha mota ya feni, akaweka ya gari nyingine ambayo plagi haikulingana, akakata waya akaziunga kwa mkono. Angalia karibu na mota kama kuna tepu nyeusi.

Na hili linaeleza habari yako ya Likoni. Ukisimama, feni inachukua hewa ya moto ya injini na kuisukuma kupitia rejeta kuelekea mbele, inairudisha ileile. Ukikimbia, upepo wa barabara unaishinda.

Mlikoni

Tepu nyeusi ipo. Waya mbili, zote nyeusi, kila moja imeungwa kwa kusokotwa na kufungwa tepu ambayo imeanza kuyeyuka. Tumezigeuza, tukazichomea kwa risasi na kuziwekea mpira wa kubana. Karatasi sasa inaganda kwenye grili na haianguki. Nimeiacha gari imewaka juani na AC ikiwa imewekwa, joto linapanda hadi 97, feni inashika, linashuka 91, linapanda tena. Alhamdulillahi.

Ila siku ya pili nilikuwa na safari ya Mariakani. Changamwe, Miritini, sawa. Kupanda kuelekea Mazeras nyuma ya malori, AC imewashwa, simu ikaanza kunionyesha 99, 102, 104. Nikazima AC, likashuka pole pole hadi 98. Juu kwenye tambarare likarudi 93. Zamani nisingejua, maana taa nyekundu haikuwaka.

DadaBamburi

Yaani gari ina magonjwa mawili? Mimi nilidhani ukishapata kosa umemaliza.

FundiMagongo

Dada, gari iliyotumika huwa hivyo mara nyingi, na mara nyingi hayo mawili yana mama mmoja. Nadhani hata haya. Mlikoni, umesema matope yanayong'aa. Injini yako bloku yake ni ya aluminiamu, haitoi kutu ya udongo namna hiyo. Kutu kidogo inaweza kutoka kwenye paipu za chuma, lakini matope mazito yenye chembe za kung'aa ninayoyajua mimi ni unga wa kuziba uvujaji. Unauzwa dukani, mtu anaumwaga kwenye rejeta, unaziba tundu dogo, siku ya kuuza gari hakuna tone chini. Kisha unaendelea kuziba na pale pasipotakiwa: mirija myembamba ya rejeta, rejeta ya hita, na kiti cha themostati.

Ninavyoona: rejeta ilianza kuvuja. Gari ikawa inapungukiwa maji, ikachemsha. Wakadhani feni, wakabadilisha mota, wakaiunga kinyume. Ikazidi kuchemsha. Wakamwaga unga. Ikauzwa. Lakini nisikuambie ununue rejeta kwa hadithi yangu, tuipime.

MwalimuTudor

Habari zenu. Mimi si fundi, nafundisha kemia, ila naomba niongeze kitu kuhusu maji yenyewe kwa sababu hapa pwani hakizungumzwi vya kutosha.

Ndugu Mlikoni, maji uliyojazia ulitoa wapi? Kisiwa hiki na pwani yetu vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa. Maji ya kisima yamepita humo, kwa hiyo yamebeba kalisiamu, na kwa kuwa bahari iko jirani visima vingi vina chumvi ya kuonja kabisa. Kalisiamu ikipata moto inaganda, ni lile gamba jeupe mnaloliona ndani ya birika la chai. Ndani ya rejeta gamba hilo linakaa kwenye ukuta wa mirija na kuzuia joto kutoka. Chumvi nayo, yaani kloridi, inatoboa aluminiamu vishimo vidogo vidogo, na rejeta, hedi na mara nyingi mwili wa pampu ni aluminiamu.

Watu husema "weka maji tu, kwetu hakuna barafu." Ni kweli hatuhitaji kinga ya barafu. Lakini kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ina kazi nyingine mbili zinazotuhusu sana sisi. Ina dawa za kuzuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji matupu hapa usawa wa bahari yanachemka nyuzi 100. Nusu kulanti nusu maji inachemka karibu na 107, na ikiwa chini ya presha ya kifuniko kizima inapita 120. Nairobi, kwa ule urefu wake, maji matupu yasiyo na presha yanachemka karibu na 95. Mtu anayetoka Mombasa na maji matupu na kifuniko kilicholegea anaendesha kuelekea mahali ambapo nafasi yake ya usalama inapungua kila anapopanda.

Mlikoni

Nashukuru Bi. Mwalimu. Nilijazia maji ya mfereji, lakini mwenye gari wa awali ana kisima uani kwake, nilikiona. Sitashangaa.

FundiMagongo

Umenena vyema sana Mwalimu. Na kwa wasomaji: ukikosa kulanti iliyochanganywa tayari, chukua ile nzito uchanganye nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ya betri. Nasisitiza *maji* ya betri, siyo asidi ya betri, chupa zinafanana dukani. Rangi isikudanganye pia, kuna chupa nyekundu na kijani ambazo ndani ni maji ya rangi. Soma imeandikwa ni ya injini ya aluminiamu na ya mfumo gani.

Mlikoni, njoo Magongo au nenda kwa fundi mwenye vifaa hivi vitatu. Kwanza pampu ya presha ya mkono: inafungwa mahali pa kifuniko, injini baridi, unapampu hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, unaiacha. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja, tafuta unyevu. Pili kipimajoto cha kulenga, unakielekeza kwenye uso wa rejeta injini ikiwa moto. Tatu ile dawa ya bluu ya kupima gasketi: inawekwa juu ya mdomo wa rejeta na kuvuta hewa yake, gesi ya injini ya petroli ikiwemo inageuka manjano. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kushusha hedi.

KijanaKisauni

Fundi, kwa nini umpime gasketi na ushasema si yenyewe?

FundiMagongo

Kwa sababu gari imechemka mara kadhaa kabla haijamfikia huyu ndugu, na kuchemka ndiko kunakoua gasketi na kupinda hedi. Inaweza kuwa haikuwa chanzo lakini imekuwa matokeo. Nisipopima nitamwekea rejeta mpya halafu arudi akilia. Na kama ingekuwa imekufa, kubadilisha gasketi peke yake hakutoshi. Hedi inawekewa rula ya chuma na kipimo cha nafasi, na kwa injini nyingi ndogo za Kijapani ikipinda kupita 0.05 ya milimita inapelekwa kukwanguliwa kwenye mashine. Anayekurudishia hedi bila kuipima amekuuzia gasketi mbili.

Mlikoni

Wadau, majibu haya hapa.

Presha: mshale ulishuka polepole. Chini ya rejeta, pale tangi la plastiki linapoungana na mwili wa aluminiamu upande wa kushoto, kulikuwa na unyevu na ukoko wa rangi ya udongo umejijenga kama gundi iliyokauka. Fundi aliuparua kwa bisibisi, tone likatoka. Pampu ya maji kavu, tundu lake la chini halina alama ya kulanti iliyokauka.

Joto la uso wa rejeta: upande inapoingia 94, katikati 80 na kitu, halafu kuna sehemu nzima ya chini karibu theluthi moja inayosoma 50 na chini ya hapo. Niliweka kiganja karibu nayo nikahisi ni ya uvuguvugu tu wakati pale juu sikuweza kukaribia. Maji hayapiti huko kabisa.

Dawa ya bluu: imebaki bluu. Tumeirudia injini ikiwa moto na mafuta yamekanyagwa kidogo, imebaki bluu. Nimepumua.

MzeeWaLori

Mshukuru Mola mwanangu. Sasa rejeta usiipeleke kuchokonolewa. Zile za zamani za shaba tulikuwa tunazifungua vichwa, tunapitisha waya, tunalehemu, zinarudi kazini. Hizi za aluminiamu na plastiki mirija yake ni myembamba kama karatasi, na ukikunjua meno ya tangi mara moja hayabani tena kama mwanzo.

DadaBamburi

Mpya au ya kutoka Japani iliyotumika?

FundiMagongo

Mimi napendelea mpya ya kampuni inayoeleweka, kwa sababu iliyotumika hujui imekunywa maji gani. Ukilazimika kuchukua iliyotumika, itazame ndani kwa tochi, iwe safi na inang'aa, ijaze maji uone yanatoka kwa kasi upande wa pili, na iwekwe presha ndani ya pipa la maji kabla hujalipa. Linganisha na ya zamani pia: unene, mahali pa mipira, na kama gari ni ya gia ya kujiendesha angalia zile paipu mbili za mafuta ya gia ikiwa zipo.

Mlikoni, kabla ya rejeta mpya kufungwa lazima mfumo usafishwe, la sivyo unga uliobaki utaiziba nayo. Maji safi yapite hadi yatoke meupe, hita ikiwa wazi. Kifuniko kipya, chenye namba ileile ya cha zamani. Themostati ile iliyokaa na matope, itoe ubadilishe. Mpya nayo ipime kabla ya kuifunga: itie kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, karibu na 82 uione inaanza kufunguka, ikipoa ifunge yote.

Kujaza ndipo wengi huharibu. Egesha pua ya gari ikiwa juu kidogo, hita iwe moto, mimina polepole, uiminye mipira kwa mkono hewa itoke. Washa kifuniko kikiwa wazi tangu injini ikiwa baridi, endelea kuongeza kiwango kinaposhuka, hadi hita itoe hewa ya moto ndani. Kisha funga na usubiri feni ishike na kuachia mara mbili. Hita ikitoa hewa baridi na injini ni ya moto, bado kuna hewa imenasa au maji ni machache.

DadaBamburi

Fundi nikuulize, mimi natafuta Demio na sasa nimeingiwa na hofu. Haya yote mtu angeyaona vipi kabla ya kulipa?

FundiMagongo

Dada yangu, mengi yanaonekana ukifika mapema. Mwambie muuzaji asiiwashe gari kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, muulize kwa nini, na rudi siku nyingine. Gari ya moto haikuruhusu kufungua rejeta, na rejeta ndiyo barua ya gari. Fungua, tazama rangi, pitisha kidole shingoni. Tazama upande wa ndani wa kifuniko kama mpira wake umekatika au una ukoko. Vuta kijiti cha oili, fungua kifuniko cha oili.

Washa swichi kabla ya kuwasha injini, utazame taa za dashibodi. Kwenye gari nyingi taa ya joto inawaka kidogo kujionyesha kisha inazimika. Isipowaka kabisa, uliza. Halafu usikubali safari fupi ya barabara nyeupe peke yake, maana upepo unaficha feni mbovu, kama ulivyomfichia Mlikoni kati ya Nyali na Bamburi. Baada ya kuendesha, iache imesimama juani na AC kwa dakika 20 huku skana inasoma. Weka karatasi kwenye grili. Chungulia nyuma ya bampa kama kuna waya za tepu, boliti zenye alama za spana, mapezi yaliyolala, kava ya feni iliyovunjika. Bampa ikiwa imepakwa rangi, tazama kama rejeta ni mpya kuliko gari, utajua iligongwa mbele. Ikiwa ni ya kutoka yadi, omba karatasi ya mnada wa Japani, alama R au RA maana yake iliwahi kutengenezwa baada ya kugongwa.

Muuzaji anayekukatalia dakika 20 za kuisimamisha gari yake, mwachie gari yake.

Mlikoni

Mrejesho. Rejeta mpya, kifuniko kipya cha 1.1, themostati mpya (tuliipima jikoni kwa mamangu, ilianza kufunguka simu ya fundi ikionyesha 82 na ushei), mfumo umesafishwa hadi maji yakatoka meupe, kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri. Maji ya kwanza yaliyotoka kwenye hita yalikuwa mazito, tungefunga rejeta bila kusafisha yangeingia yote mle.

Nimerudi Mariakani saa saba mchana, nyuma ya malori yaleyale, AC imewashwa tangu mjini. Kupanda Mazeras joto lilikaa kati ya 90 na 95, halikuvuka. Tepu ya waya za feni tumeibadilisha kwa plagi kamili ili mtu mwingine asije akazigeuza tena. Kichupa nimekiwekea alama ya kalamu pale kiwango kilipo injini ikiwa baridi, na mpaka leo asubuhi hakijashuka chini ya alama.

Fundi, wa mwisho: je, nirudishe taa au mshale fulani, au kifaa cha OBD kinatosha?

FundiMagongo

Kinatosha kaka. Weka tahadhari ya sauti kwenye programu ilie joto likifika 102. Na gari ikilala siku nyingi bila kuwashwa kichomoe, vingine vinakula betri. Baada ya wiki chache kaza tena vibano vya mipira, mpira mpya huwa unakaa.

MzeeWaLori

Msalimie mamako, mwanangu.